Dobi Aingie Majumba ya Maendeleo

Apitaye Michenzani asubuhi ya siku ya mapumziko huona nguo zimetandazwa kwenye roshani tangu ghorofa ya chini hadi ya juu: kanga, kanzu, mashuka, sare za skuli. Tumeizoea sura hiyo hata hatuulizi tena maji yaliyozifua yalipandaje huko. Majumba hayo, yaliyoasisiwa zama za Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, yalikusudiwa kuwapa wananchi wa Ng'ambo makaazi bora, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini nguvu ya maji haikulingana na urefu wa kuta, na kwa miaka mingi wakaazi wa juu wamepandisha ndoo kwa ngazi.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama afuaye kwa mkono nguo za watu saba hatosheki na ndoo tano. Hizo ni kilo 100, mzigo ambao bandarini hapana mchukuzi angeupandisha bure.

Mjini humo humo wapo madobi walioacha karai na kununua mashine mbili tatu. Vibanda vyao ni vidogo, kodi inapanda, na mteja wa ghorofa ya tano haoni faida ya kushuka na furushi, alibebe hadi mtaa wa pili, kisha alirejeshe. Kwa maoni yetu, dobi huyo angefaa kumfuata mteja: apewe chumba cha chini katika jumba lenyewe, aweke mashine zake humo, na wakaazi wafue kwa malipo.

Jambo hili si geni duniani. Huko Sweden chumba cha kufulia cha pamoja ni sehemu ya kawaida ya jumba la kupangisha, na wakaazi hupangiana zamu. Marekani, mwenye mashine hufunga mkataba na mwenye jumba. Yeye huleta mashine na kuzitengeneza, na fedha zinazopatikana hugawanywa baina yao kwa fungu walilokubaliana. Mfumo huo wa pili ndio unaomfaa dobi wetu, kwani kodi ya kudumu humtoza hata mwezi ambao mashine zimelala.

Na mashine hapa zina sababu nyingi za kulala. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka Bara kwa miezi mitatu, na mashine isiyo na jenereta ikawa kabati tu. Waya wa pili wa chini ya bahari ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa nafuu, lakini mwenye akili bado huweka akiba. Maji yetu nayo hutoka katika mawe ya chokaa. Hula sabuni na kuacha ukoko katika chuma kinachopasha moto. Dobi afue kwa maji baridi. Achague pia mashine za mlango wa mbele, ambazo hunywa maji machache kuliko za mlango wa juu. Mashine za kukaushia tunazipinga waziwazi: zinakula umeme mwingi, na jua la Unguja halina bili. Masika ni taabu, hilo twalikubali, lakini kamba chini ya paa la bati zitatosha.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mkataba. Tunafahamu jinsi vyumba vya chini vinavyogeuka maduka, na pampu ikiharibika kila mmoja humwonyesha kidole mwenziwe. Kabla mashine ya kwanza haijaingia, iandikwe nani analipa maji, kwa mita ya peke yake. Nani anatengeneza bomba. Bei itapandishwa kwa idhini ya nani. Kamati ya wakaazi iwe na sauti katika hilo la mwisho. Na madobi waliopo mtaani, khasa walioungana katika ushirika, watangulizwe mbele ya tajiri mwenye mashine 50 asiyejua hata ngazi za jumba zilipo.

Kwa majumba ya zamani itabidi kuvunja kuta na kuchimba mitaro upya, kazi ya gharama. Majumba mapya, mfano wa yale ya Kwahani, hayana udhuru huo. Tunawaomba wahusika wa ardhi, maji na nyumba wahakikishe kuwa ramani zijazo, kabla hazijatiwa saini, zina chumba cha kufulia chini, tangi lake na njia ya maji machafu.