Kiluwiluwi, Homoni na Msuli

Mvua za masika zinapojaza vidimbwi huko Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, huweza kuonekana majini viumbe wa namna mbili ambao Kiswahili huwaita kwa jina moja: kiluwiluwi. Mmoja atakuwa mbu, wa pili chura. Jina hilo halimsumbui mkulima, lakini mwandishi wa kitabu cha elimu ya viumbe hana budi kuwatenga, kwani mageuzi yao huongozwa na homoni zilizo mbalimbali. Hapa yatazamwa ya chura, hasa misuli yake.

Kiluwiluwi wa chura huogelea kwa mkia, na sehemu kubwa ya mkia huo ni msuli. Chura mzima hana mkia. Huruka kwa nguvu za mapaja. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya dundumio, ile ya shingoni, nao wakageuka vyura kabla ya wakati, wadogo mno. Wataalamu wengine walipoiondoa tezi hiyo, viluwiluwi waliendelea kunenepa bila kugeuka kamwe. Yenye kufanya kazi hiyo ni thairoksini, homoni isiyoweza kuundwa pasipo iodini, ile ambayo upungufu wake humtia mtu rovu.

La ajabu ni kwamba homoni hiyo moja, ikipita katika damu ile ile, huujenga msuli wa mguu na kuuvunja msuli wa mkia. Ujumbe ni mmoja, majibu ni mawili. Seli za mguu huitika homoni ikiwa ingali kidogo. Za mkia hungoja hata izidi sana. Kwa hiyo miguu hutangulia kukomaa, na mnyama hakosi chombo cha kwendea. Wala mkia haukatiki: seli zake hufa na kufyonzwa, zikaulisha mwili wakati ambapo kinywa na utumbo vinageuka na mnyama hali kitu.

Hapo ndipo neno *kichocheo* linapopwaya. Achocheaye moto huuzidisha, hauzimi. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba thairoksini ni kichocheo atastaajabu mkia ukitoweka. *Homoni*, neno alilolitoa Ernest Starling mwaka 1905 kutoka Kiyunani, nalo asili yake ni kuchochea, ila maana hiyo haisikiki katika Kiswahili, hivyo halimpotoshi msomaji.

*Msuli* nao wahitaji uangalifu, maana ni nguo ya kiunoni pia. Lakini *mnofu* ni nyama ya kuliwa, na *mshipa* hubeba mizigo mingi mno. Chura dume humkumbatia jike wakati wa kutaga, na misuli ya mikono yake hunenepeshwa na testosteroni. Mwandishi akiandika hapo *mshipa*, msomaji hatajua kilichonenepa ni msuli, neva au njia ya damu.