Kushuka Korongo la Bruar kwa Kamba na kwa Stara

Kila tunapowasimulia jamaa na majirani kwamba tulishuka korongo la mto huko Uskoti, akina mama huuliza kwanza: "Mlivaa nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa urefu. Lakini lipo la pili ambalo wachache huliuliza, na kwa maoni yetu lina uzito zaidi: ni nani katika safari hiyo aliyekuwa na mamlaka ya kuwaambieni "hapana"?

Tulikuwa watu 7 wa ukoo mmoja: wanawake wanne, mkubwa wao akiwa ni shangazi yetu aliyekwisha kuvuka miaka 50, binti wa miaka 15, na wavulana wawili. Tulikwenda Glasgow kuwatembelea ndugu wanaoishi huko kwa miaka mingi, na wao ndio waliotuwekea nafasi. Kushuka korongo ni kuufuata mto mdogo wa mlimani pale unapopita baina ya kuta za mawe. Mtu huteremka kwa kamba kando ya maporomoko, huteleza juu ya miamba iliyolainishwa na maji, huruka vilindini, na huogelea pale pasipo na pa kukanyaga. Aghalabu ukishaingia hakuna njia ya kurudi ulikotoka, na pa kutokea kandoni ni pachache. Ndiyo sababu watu wenye akili hawaingii bila ya kiongozi.

Mahali penyewe ni Bruar, karibu na kijiji cha Blair Atholl katika eneo la Perthshire, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Glasgow. Mshairi Robert Burns alifika hapo mwaka 1787 akazikuta kingo za mto zikiwa tupu. Akatunga shairi ambamo mto wenyewe unamwomba kabaila mwenye ardhi, wa ukoo wa Atholl, aupandie miti ya kivuli. Ombi lilikubaliwa, na hadi leo njia ya kupandia kwenye maporomoko hupita chini ya misonobari. Sisi Wapwani, tuliozoea mashairi ya watu kuombeana dua na kulaumiana, tulipendezwa na mto unaojisemea haja yake.

Sasa mavazi. Maji ya mito ya milimani huko, hata katikati ya kiangazi, kwa kawaida huwa chini ya digrii 15, na sisi tuliozoea bahari ya uvuguvugu tusingestahimili robo saa kwa nguo za kawaida. Kwa hiyo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, huvaa vazi zito la mpira lenye unene wa milimita 5 hivi, linalofunika kuanzia shingoni hadi vifundoni. Vazi hilo halizuii maji yasiingie. Huyaacha machache yapenye baina yake na ngozi, mwili ukayapasha joto, kisha likayashikilia hapo. Ni lazima basi libane, na kubana huko ndiko kulikotutia wasiwasi. Juu yake huvaliwa kaptura nene ya kukinga mpira usichanwe na mawe, jaketi la kuelea, na mishipi ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba. Sisi tuliongeza kanzu fupi ya kitambaa cha kuogelea, iliyofika karibu na magoti, na suruali ya kitambaa hicho hicho. Tulikuwa tumemwandikia mwenye kampuni wiki mbili kabla, naye akakubali kwa sharti moja tu: pasiwe na kitu chochote kinachoning'inia.

Sharti hilo lina sababu yake. Anayeteremka huipitisha kamba katika kifaa cha chuma, mara nyingi chenye umbo la nambari nane, ambacho huipunguzia kasi kwa msuguano. Chochote kinachoingia humo pamoja na kamba, iwe ncha ya mtandio au shungi la nywele, huvutwa na kukwama. Aliyekwama katikati ya maporomoko humwagikiwa maji usoni asiweze kupanda wala kushuka. Mtandio wa kuzungushia, kwa hiyo, haufai kabisa. Tulivaa kofia ya mpira ya wazamiaji, inayofunika kichwa, masikio na shingo, na juu yake kofia ngumu. Stara ilitimia kuliko tulivyotarajia, na masikio yetu yakapata joto.

Lililohitaji mazungumzo zaidi lilikuwa ni mikono. Kiongozi hukagua mishipi ya kila mtu kabla ya kila kamba, akiivuta kiunoni na mapajani, na ukaguzi huo hauna badala. Tuliomba mwanamke, tukapata, pamoja na mwenzake mwanamume aliyewashughulikia wavulana. Kampuni nyingi za kazi hii ni ndogo na huenda siku fulani zisiwe na kiongozi mwanamke, basi ombi hili litolewe wakati wa kuweka nafasi, lisingojewe asubuhi ya safari. Na aulizwe pia mtu atabadilisha nguo wapi. Wenyeji hujificha nyuma ya mlango wa gari katika uwanja wa kuegesha na hawaoni neno. Sisi tulichukua hema dogo la kusimamisha.

Siku iliyopangwa hatukuingia mtoni.

Usiku kucha kulinyesha, asubuhi jua likatoka zuri kabisa. Kiongozi wetu alitupeleka hadi kwenye daraja la chini akatuonyesha mahali penye jiwe. Jiwe hilo likifunikwa na maji, alisema, hakuna mteja anayeingia. Tulitazama, hatukuliona jiwe. Maji yalipita chini ya daraja kwa rangi ya chai ya mkandaa. Rangi hiyo ni ya kawaida huko, hutokana na udongo mweusi wa mimea iliyooza juu milimani, lakini kishindo chake kilitufanya tuongee kwa kupaza sauti. Mvulana wetu wa miaka 17 alinung'unika kwamba tumesafiri, tumelipa, na mbingu ni safi. Shangazi akamjibu, "Mwanangu, huyu anapoteza riziki yake ya leo kwa kutukataza. Msikilize."

Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Hata hivyo tunapenda wasomaji wetu waelewe kwa nini mbingu safi si hoja. Korongo ni mdomo mwembamba wa eneo pana. Mvua inayonyesha kilomita nyingi juu, usikoona wala kusikia, hukusanywa na vijito vyote na kupitishwa katika uwazi wa mita chache. Sehemu ya maji ya Bruar huchukuliwa juu mlimani kwa ajili ya mitambo ya umeme, na hivyo siku za kawaida mto huwa mpole, lakini baada ya mvua kubwa upole huo haudumu. Uswisi, tarehe 27 Julai 1999, dhoruba ya mvua ilipiga juu ya korongo la Saxetbach karibu na Interlaken huku vikundi vya watalii vikiwa ndani. Walikufa watu 21, watatu kati yao wakiwa ni viongozi. Wala tusiende mbali. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mwezi Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwachukua vijana 7 wa kikundi cha kanisa waliokwenda kutembea, na mwaka 2019 korongo lilo hilo likaua tena. Wazazi wa watoto hao waliwaaga asubuhi kama sisi tunavyowaaga wetu wanapopanda basi la safari ya shule.

Uingereza ilijifunza kwa msiba wake. Machi 1993 wanafunzi wanne walizama katika pwani ya kusini wakiwa katika safari ya mitumbwi iliyosimamiwa vibaya. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ambayo Uskoti pia inaifuata. Anayelipwa kuwaongoza walio chini ya miaka 18 katika kupanda miamba, kuingia mapangoni, kutembea milimani au michezo ya majini hutakiwa kukaguliwa na kuwa na leseni. Lakini mtoto akiwa pamoja na mzazi wake sheria hiyo hailazimishi, na familia nyingi za wageni huenda kwa namna hiyo hasa. Kwa hiyo aulize mzazi mwenyewe, leseni iwepo au isiwepo. Mara ya mwisho mlipoahirisha safari ilikuwa lini, na kwa nini? Ni watu wangapi kwa kiongozi mmoja? Mtu akiishiwa nguvu katikati, hutokea wapi? Kiongozi mzuri hujibu maswali haya bila ya kukasirika. Wa kwetu alionekana kuyafurahia. Fedha zetu, zaidi kidogo ya pauni 70 kwa kila mtu, zilihamishiwa siku nyingine bila ya mabishano, na hilo nalo ni la kuulizia kabla ya kulipa.

Tulirudi baada ya siku mbili. Jiwe lilikuwa kavu, na kunguru amesimama juu yake.

Jambo la kwanza tulilofanyishwa lilikuwa ni kuketi. Tuliketi katika kidimbwi chenye maji ya kifuani, bila ya kufanya lolote, kwa dakika mbili au tatu. Maji baridi yanapoupiga mwili ghafla, mtu huvuta pumzi kwa mshtuko asioweza kuuzuia, na akiwa chini ya maji wakati huo huyavuta maji. Kiongozi alitaka mshtuko huo utupate tukiwa tumekaa, huku tukitoa pumzi polepole. Binti yetu alipiga ukelele mmoja uliorudi kutoka kwenye kuta zote mbili za korongo. Kisha akacheka, nasi tukacheka, na baridi ikawa jambo la kuzoeleka.

Kutoka hapo hatutaeleza kila jiwe. Kuteleza ni rahisi: mikono kifuani, miguu pamoja, kisha unajiachia. Kuruka kuna adabu yake. Mtu hutazama mbele wala hatazami chini, na haruki hadi kiongozi awe ameshuka kwanza kupima kina. Katika kilindi kimoja, ambacho alituambia watu hurukia kila wiki, alizama akapapasa, akaibuka akatikisa kichwa. Mafuriko ya juzi yalikuwa yamelaza gogo chini ya maji, mahali hasa ambapo miguu yetu ingetua. Maji ya rangi ile hayaonyeshi kitu. Sote tulishuka pembeni kwa kamba, na mvulana wetu aliyenung'unika darajani aliomba awe wa mwisho ili apate kuliangalia vizuri.

Kamba ndizo zilizotupa hofu zaidi, nazo ndizo tunazozikumbuka kwa raha. Siri ni kuegemea nyuma, kinyume na kila kinachoamriwa na moyo: unaketi katika mishipi, nyayo zikikanyaga mwamba bapa, magoti yamekunjika kidogo. Wanaoushuka mto kwa kamba wana hila moja ambayo wapanda milima wakavu hawaihitaji sana. Kamba hufungwa juu kwa namna ambayo kiongozi anaweza kuilegeza hata ikiwa imebeba uzito wa mtu. Aliyekwama basi hateseki chini ya maji akingoja kuvutwa juu, bali huteremshwa taratibu hadi chini. Tulionyeshwa jinsi inavyofanyika kabla ya yeyote kushuka. Shangazi aliomba aonyeshwe mara ya pili.

Yeye hajui kuogelea. Alilisema hilo mapema, na jaketi lilimwelea vyema. Kila penye kilindi kirefu kiongozi alikuwa mbele yake na mmoja wetu nyuma. Hakuruka hata mara moja, wala hakuna aliyemhimiza. Karibu kila mruko ulikuwa na kamba au njia ya kupitia kandoni, na viongozi walilitamka hilo waziwazi mbele ya wote, ili anayekataa asihisi kwamba anawachelewesha wenziwe. Mwishoni, kwenye maporomoko marefu kuliko yote tuliyoyapitia, alijitanguliza. Tulimwona akiegemea nyuma, kofia ngumu ikimwagikiwa na manyunyu, midomo ikisoma. Alipofika chini aligonga kichwa kwa kiganja, ishara tuliyofundishwa ya kusema kwamba mambo ni salama, akagonga tena na tena hadi kiongozi akamwambia inatosha.

Kwa wanaohofia sala, kiangazi huko ni chenye nafasi. Magharibi mwezi Juni huingia baada ya saa nne usiku, na Adhuhuri baada ya saa saba. Tuliswali Adhuhuri kabla ya kuanza saa nane, na tulipotoka mtoni Alasiri ilikuwa bado na wasaa mrefu. Kibla ni kusini-mashariki, nasi tuliozoea kuelekea kaskazini tulilazimika kumzungusha shangazi mara mbili. Tulitandika mikeka chini ya misonobari, karibu na gari. Tahadhari moja ambayo hatukuambiwa: jioni upepo ukitulia hutoka visubi wadogo kuliko chembe ya mchanga, kwa maelfu, na hupenya kila mahali pasipofunikwa. Tulimaliza sala kwa salama. Mikeka tuliikunjia ndani ya gari.