Kibao cha mlangoni si cheti cha kuzaliwa

Nilipokuwa masomoni Uingereza, mwenzangu mmoja alinipeleka St Albans, mji ulio kaskazini mwa London, akanionyesha baa ambayo husifiwa kuwa kongwe kuliko zote nchini humo. Jina lake ni Ye Olde Fighting Cocks, yaani majogoo wapiganao. Niliagiza maji ya machungwa, nikaketi chini ya maboriti meusi, nikaelezwa kwamba nyumba hiyo imekuwapo tangu mwaka 793.

Mwaka huo haukuokotwa tu njiani. Mapokeo yanasema ndipo Mfalme Offa alipoanzisha abasia ya mji huo. Lakini kuanzishwa kwa abasia ni jambo moja, na kuuzwa kwa bia ni jambo jingine. Leseni ya kwanza inayoweza kuthibitishwa ni ya mwaka 1756. Jengo lenyewe, lenye umbo la pembe nane, lina sura ya karne ya 16, na inaaminika kuwa lilikuwa banda la njiwa wa abasia. Abasia ilivunjwa mwaka 1539, enzi ya Mfalme Henry wa Nane, na baadaye banda likahamishiwa mahali lilipo sasa, karibu na Mto Ver. Hata jina la majogoo si la asili. Hapo awali paliitwa Nyumba ya Mviringo.

Mimi ni mwanaisimu, na kilichonikera zaidi ni lile neno dogo 'Ye'. Waingereza wa kale waliandika sauti ya 'th' kwa herufi moja iliyoitwa 'thorn'. Miaka ilivyopita, herufi hiyo ikafanana na 'y' katika hati za mkono, na wapiga chapa wasiokuwa nayo wakaweka 'y' mahali pake. Msomaji wa wakati ule aliona 'ye' akatamka 'the' bila taabu. Waliokuja nyuma wakasahau, na wenye biashara waliotaka kuonekana wa kale wakaifanya pambo. Yaani neno linalotolewa kuwa ushahidi wa ukongwe lenyewe limezaliwa na kosa la kusoma!

Tusiwacheke. Aliyewahi kusoma hati zetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anajua kwamba herufi moja ya 'b' iliweza kusimama badala ya 'p' au 'mb'. Asiye mwangalifu huibuka na neno ambalo mtunzi hakulikusudia kamwe.

Yamkini mwalimu atauliza: hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Katika miji yetu midogo ya nyanda za juu mna hoteli na vilabu vya enzi ya walowezi, vyenye baa zilizojengwa kwa kuiga zile za Uingereza. Kwa Kiingereza baa kama hiyo huitwa nyumba ya umma. Lakini umma gani? Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia, si akiwa mgeni wa kuketi. Leo kibao hutuambia mwaka wa kujengwa; hakituambii nani alizuiwa mlangoni, wala nani alichonga mawe yale. Wanafunzi wetu hunakili mwaka huo katika insha, wakadhani wameandika historia.

Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitambua baa ya St Albans kuwa kongwe kupita zote Uingereza, kisha kitengo hicho kikaondolewa mwaka 2000. Nyumba haikuanguka kwa hilo. Mwaka 2022 ilifungwa kwa shida za fedha, ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Banda la njiwa lililohamishwa, likabadilishwa jina na kupewa kazi mpya, lina hadithi tamu kuliko uongo wa mwaka 793. Ukweli haukuipunguzia heshima.

Basi, walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwenye jengo kongwe la mji wenu. Wakisome kibao, kisha waulize: nani aliandika, lini, na alimwacha nani nje? Wawaendee wazee waliofanya kazi humo kabla hawajatutoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.