Mtiririko wa damu katika ubongo wa kichanga hupimwaje?

Mama wa Isipingo, kusini mwa mji wa Durban nchini Afrika Kusini, anapojifungua mtoto asiyelia, hospitali kubwa ya umma iliyo jirani ni Prince Mshiyeni Memorial, katika kitongoji cha Umlazi. Swali linalowakabili wauguzi na madaktari ni lile lile la Kampala au Mombasa: je, ubongo wa mtoto huyu unapata damu ipasavyo?

Kichanga mahututi si wa kuhamishwahamishwa. Kwa hiyo kipimo kinachofaa zaidi ni kile kinachomfuata kitandani.

Njia ya kwanza hupitia utosini, mahali ambapo mfupa haujaziba. Mawimbi ya sauti yasiyosikika hugonga chembechembe nyekundu za damu na kurudi yakiwa yamebadilika, mfano wa honi ya gari linapotupita. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Daktari hulinganisha kasi ya damu moyo unapopiga na unapolegea, na kupata fahirisi ya ukinzani. Watafiti walibaini katika miaka ya 1980 kwamba kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, fahirisi iliyo chini ya 0.55 ni dalili mbaya. Hata hivyo, kinachopimwa ni kasi, wala si kiasi cha damu, na mkono ukikandamiza utosi, matokeo hupotoka.

Njia ya pili ni mwanga wa infraredi, unaopenya fuvu jembamba la mtoto. Damu yenye oksijeni huufyonza tofauti na isiyo nayo. Mwaka 1988, watafiti wa London waliongeza oksijeni kidogo kwa ghafla, wakatazama jinsi ilivyowasili ubongoni, na hivyo kukadiria mtiririko.

Mashine ya picha za sumaku nayo hupima kiasi cha damu bila sindano, lakini mtoto hulazimika kupelekwa ilipo.

Pamoja na hayo, kipimo si tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha watoto njiti 1,601 katika nchi 17, ulionyesha kuwa matibabu yaliyoongozwa na kipimo cha mwanga hayakupunguza vifo wala madhara makubwa ya ubongo. Ndiyo maana, iwe Isipingo au kwingineko, mkunga anayejua kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ya kwanza angali ndiye kinga ya mwanzo ya ubongo.