Rezista zimekuchanganya? Kumbuka barabara ya Nakuru

Ushawahi kufungua karatasi ya fizikia, ukakuta rezista zimechorwa kama utando wa buibui, ukaruka swali mbio? Hauko peke yako. Lakini kama ushawahi kupanda matatu kutoka Nairobi kuja Nakuru, nusu ya jibu unayo tayari.

Ukifika Rironi, barabara inagawanyika. Dereva anaweza kupita juu, Kimende na Kinungi, au ateremke Mai Mahiu. Njia hizo zinakutana tena Naivasha, kisha magari yote yanabanana kwenye barabara moja kupitia Gilgil.

Sasa ondoa magari, weka umeme. Njia mbili zinazoanzia pamoja na kukutana pamoja ziko sambamba. Kipande ambacho lazima mkondo wote ukipite kimeungwa kwa mfululizo.

Tuseme njia ya juu ni rezista ya omu 3, Mai Mahiu ni omu 6, na Naivasha hadi Nakuru ni omu 2. Betri ni ya volti 12.

Anza na zile sambamba: 1/3 + 1/6 = 1/2. Usiishie hapo! Hapa ndipo wengi humwaga alama. Pindua, upate omu 2. Umeona? Jibu ni dogo kuliko hata rezista iliyo ndogo, kwa sababu njia ya pili hupunguza msongamano. Ukipata zaidi ya 3, jua umeteleza.

Chora mchoro upya. Umebaki na omu 2 na omu 2 kwa mfululizo, jumla 4. Gawanya 12 kwa 4: mkondo ni ampea 3.

Kisha rudi nyuma. Kila kipande cha omu 2 kinapata volti 6. Kwa hivyo njia ya juu inabeba ampea 2, Mai Mahiu ampea 1. Jumlisha: 3. Hesabu imekubali.

Na hii si ya mtihani tu. Wewe unayeishi hosteli, sikiza. Koili ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 240 ina ukinzani wa omu 57.6, na huvuta ampea 4 na kidogo. Mkichomeka nne kwenye ekstensheni moja, zote ziko sambamba. Ukinzani unashuka hadi omu 14.4 na mkondo unapanda karibu ampea 17, ilhali plagi zetu za kawaida ni za ampea 13. Fyuzi ikikatika, imekuokoa. Ukiifunga kwa kipande cha waya ili chai ichemke, waya ndizo zitakazoungua, na wewe umelala.

Kwa hivyo swali lile uliloruka, lirudie leo jioni. Tafuta penye njia panda, unganisha, chora upya. Polepole tu, utafika.