Fahamu: Mashine ya kupumulia usiku inavyoupunguzia moyo mzigo

Unene uliokithiri huuchosha moyo kupitia pumzi pia, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mafuta ya kifuani na tumboni huyabana mapafu, koo huziba usingizini, na hewa ukaa hubaki kwenye damu hata mchana. Oksijeni ikipungua, mishipa ya damu ya mapafu hujikaza. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kutumia nguvu zaidi kila siku, hadi unachoka na miguu inaanza kuvimba.

Utafiti wa Pickwick wa nchini Hispania ulilinganisha mashine mbili za barakoa: CPAP, inayopuliza hewa kwa shinikizo lisilobadilika ili koo libaki wazi, na ile inayoongeza shinikizo kila mgonjwa anapovuta pumzi. Baada ya miaka 3, shinikizo katika ateri ya mapafu lilishuka kwa makundi yote mawili, kutoka takriban milimita 41 za zebaki hadi 35. Kwa maoni yangu hiyo ni habari njema sana, kwa kuwa CPAP ni nafuu na rahisi kuitumia nyumbani.

Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa na tatizo kubwa la kukatika pumzi usingizini, na hali zao zilikuwa tulivu. Anayefikishwa hospitali akiwa amezidiwa kwa kawaida huanzishiwa mashine ya pili.