Mteja, Mnunuzi na Mlaji: Maneno ya Sokoni na Haki ya Anayenunua

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno machache yatumikayo baina ya anayeuza na anayenunua, hasa katika Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tumelichagua eneo hili kwa kuwa bidhaa nyingi huanzia hapo safari yake ya kwenda mikoani, na maneno husafiri pamoja na bidhaa. Isitoshe, Kariakoo yenyewe ni somo la istilahi. Jina hilo ni la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; wenyeji walilitwaa neno la kigeni, wakalitamka ilivyowapendeza, pasipo kusubiri kamati yoyote.

Uchunguzi huu si wa kujifurahisha. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, mfasiri anayeteua neno la kumtaja mtu anayenunua huwa anaamua pia ni nani atakayeweza kudai, na adai nini. Mtu aliyenunua pasi ya umeme, ikaungua siku ya pili, akirudi dukani aghalabu huoneshwa maandishi yaliyobandikwa ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo ni ya Kiswahili fasaha, mafupi, hayana neno la ziada. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo mtu huyo angeweza kuitegemea, iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, tena kwa maneno yaliyorithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Basi muuzaji ana lugha yake tayari. Anayenunua bado anatafutiwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Neno mnunuzi halina utata: ni yule aliyetoa fedha akapewa kitu, na akisharudishiwa chenji shughuli yake imekwisha. Mteja ni jambo jingine. Katika uganga wa pepo wa mwambao, mteja ni mgonjwa aliyetibiwa na mganga akabaki akimfuata na kuhudhuria ngoma zake. Kwa hiyo ndani ya neno hilo mna uhusiano wa kudumu, na ndiyo maana wenye maduka na makampuni hulipenda: mteja wangu, wateja wetu wapendwa, huduma kwa wateja. Hata hivyo sauti iliyorekodiwa ya simu, inayotangaza kwamba mteja hapatikani, imelitia neno hili maana isiyotazamiwa. Nchini Kenya vijana husema fulani yuko mteja, wakimaanisha kwamba simu yake imezimwa. Neno lililokuwa la uhusiano limegeuka kuwa la kutopatikana, na wengi waliowahi kupiga simu kulalamika hawataona ajabu.

Neno la tatu, mlaji, ndilo linalozua ubishi mkubwa. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hulitumia katika kazi yake ya kumlinda mlaji, na kila tarehe 15 Machi huadhimishwa siku ya haki zake duniani, kwa kukumbuka ujumbe ambao Rais Kennedy wa Marekani aliupeleka kwenye Bunge la nchi yake tarehe hiyo mwaka 1962. Wapo wanaolikataa neno hili kwa hoja kwamba aliyenunua bati hakula kitu, na kwamba kula siku hizi kumechafuliwa na rushwa. Hoja ya kwanza haina uzito. Kiswahili hula mengi yasiyotafunwa: watu hula kiapo, hula chumvi nyingi, na hapo sokoni hula hasara. Hoja ya pili inastahili kujibiwa kwa sarufi. Anayekula rushwa huitwa mla rushwa. Umbo mla huandamana na kitu kinacholiwa, kama katika mla nyama. Mlaji husimama peke yake na hutaja hali ya mtu. Ni kweli kwamba wako wawaitao wabadhirifu walaji, lakini hiyo ni kejeli, na kejeli haifuti maana ya msingi.

Twaona ya kwamba mlaji lina faida ambayo yale mengine hayana. Linamfikia hata asiyelipa: mtoto aliyevalishwa viatu vilivyonunuliwa na babaye, mgonjwa aliyemezeshwa dawa iliyonunuliwa na nduguye. Hati inayosema haki za mnunuzi inawaacha wote hao nje. Kwa hiyo tungependekeza mnunuzi litumike katika mkataba, mteja libaki dukani, na mlaji liwe ndilo neno la sheria. Neno mtumiaji latosha kwa huduma kama maji na umeme.

Yafaa ikumbukwe kwamba lugha yetu haikuwa maskini katika mambo haya hata kidogo. Miaka ya uhaba, hasa kabla na baada ya kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoanza mwaka 1983, ilituachia foleni, mgawo, magendo na mlanguzi. Lakini tazama yalivyoelekea maneno hayo: yanataja dhiki ya anayenunua au kosa la anayeuza. Hakuna hata moja linalotaja haki ya anayenunua, kwa sababu wakati huo kupata kipande cha sabuni kulikuwa bahati, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Sasa watu huuliza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kariakoo ya leo vyote viwili hutembezwa, tena kwa kipaza sauti. Na swali linaloulizwa zaidi mbele ya feni, redio au chupa ya chai ni hili: hii ni kampuni gani? Muulizaji hataki kujua kampuni. Anataka kujua chapa. Tofauti hii si ndogo. Kampuni ni mtu wa kisheria, ina ofisi, yaweza kushtakiwa. Chapa ni jina na sifa zilizobandikwa juu ya kitu, nazo zaweza kubandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapia. Anayeambiwa hii ni kampuni nzuri huamini kwamba nyuma ya feni yake yuko mtu wa kumwendea, kumbe hayupo. Walimu wangefanya jambo jema kulisisitiza neno chapa, na kuliacha alama ya biashara kwa yale yaliyosajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986 ya alama za biashara na huduma. Nembo ni mchoro tu.

Wala chapa si mgeni kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, watu wakakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Uhindi vilitia mkono, na jina merikani likaendelea kutumika hata kwa vitambaa vilivyofumwa Bombay. Ndivyo ilivyo kwa bajaji, jina la kampuni ya Kihindi ambalo sasa ni la pikipiki yoyote ya magurudumu matatu, na kwa pampasi, ambayo ni nepi ya mtengenezaji yeyote. Kwa upande mwingine, kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa huandikwa pembeni Mali ya Abdulla, na wanawake wanaozijua hutafuta maandishi hayo kabla ya kusoma jina la kanga. Hapo neno mali ya limefanya kazi yote ya chapa, bila ya msaada wa istilahi.

Tumefika kwenye feki na orijino. Maneno haya mawili yameenea mno, nasi hatuoni sababu ya kuyapiga vita mitaani. Tatizo ni kwamba feki hufunika makosa yasiyolingana, na mfasiri anayehitaji kuyatenga anayo maneno tayari. Bandia ni mfano wa kitu usiokusudiwa kudanganya: mtoto wa bandia, meno ya bandia, mguu wa bandia. Mwenye meno ya bandia hajamwibia mtu. Ghushi ni udanganyifu. Twasema kughushi saini, kwa hiyo bidhaa iliyowekewa alama ya mwingine ni bidhaa ghushi. Kuchakachua ni kuchanganya kizuri na kibaya. Neno hili lilivuma mwaka 2010 kuhusu petroli iliyotiwa mafuta ya taa, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeshahamia kwenye kura. Mwaka huohuo mamlaka zilianza kutia mafuta alama ya kuyatambulisha, wakaiita vinasaba, neno ambalo wanabiolojia walikuwa wameshalichukua kwa ajili ya urithi wa viumbe. Petroli haina wazazi, lakini wenye magari wameelewa.

Kuhusu waranti, neno dhamana lafaa, mradi iandikwe dhamana ya bidhaa, maana mahakamani dhamana pekee humtoa mtu rumande. Wafadhili wa ligi ya mpira na waachiwe udhamini. Gumu zaidi ni lile sharti la sheria ya 1893 lihusulo ubora. Tumeona likifasiriwa kuwa ubora wa kuuzika. Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, na haifai, kwani Kariakoo kila kitu huuzika, hata soksi moja. Tungependelea ubora unaostahili bei na matumizi.

Limebaki neno moja ambalo wafasiri hawajaligusa. Winga ni kijana asiye na duka, anayempokea mnunuzi barabarani, akamwongoza hadi dukani, na kuongeza juu ya bei ya mwenye duka kiasi kiitwacho cha juu. Si dalali, kwa sababu dalali hujulikana na pande zote mbili na ujira wake hutajwa. Cha juu hakitajwi kwa mnunuzi. Bidhaa ikiharibika, winga ameshahamia mtaa mwingine, na mwenye duka husema kwamba si yeye aliyeuza. Neno muuzaji, litakapofafanuliwa katika sheria zetu za Kiswahili, lisipomtaja anayeuza kwa niaba ya mwingine, pamoja na yule ambaye mali imetoka dukani kwake, mlaji atabaki ameshika stakabadhi isiyo na jina la mtu.